Seti ya kinga kwa mpulizaji wa dawa: koti linafaa, glavu hazifai

Katika maduka ya pembejeo ya jijini Mbeya, kuanzia Mwanjelwa na Soweto hadi yale yaliyojipanga pale njia panda ya Uyole, siku hizi huuzwa seti ya mavazi ya kinga kwa ajili ya mkulima anayepulizia dawa shambani. Huwa imefungwa ndani ya mfuko mmoja wa plastiki wenye zipu, na ndani yake mna koti lenye kofia, suruali, glavu, barakoa na miwani. Mimi niliinunua kwa shilingi 55,000 baada ya kupunguziwa kidogo. Haina jina la kampuni linalosomeka wala sikuiona alama ya ubora ya TBS mahali popote. Juu ya mfuko kuna picha ya mwanamume anayetabasamu katikati ya shamba la mahindi, bomba likiwa mgongoni, na chini yake maneno yanayoahidi kinga ya asilimia 100. Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya niichunguze kipande kwa kipande kabla ya kumkabidhi mtu mwingine aivae.

Mtu huyo ni kijana anayenipulizia bustani ya nyanya na kabichi upande wa Inyala, ambaye, kama vijana wengi wa huku, hulipwa kwa idadi ya mabomba anayoyamaliza na si kwa siku. Masika, bakajani chelewa inapoingia kwenye nyanya, hupulizia kila wiki na pengine zaidi ya hapo. Kiangazi kikifika anageukia kantangaze, ambaye viwavi wake huchimba ndani ya majani na matunda, na nondo mgongo-almasi kwenye kabichi. Akimaliza kwangu anakwenda kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, kwa hiyo mwenye bustani hukutana na dawa mara moja kwa wiki huku yeye akikutana nayo karibu kila siku. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumtoza, lakini wengi wetu tunaolima robo au nusu ekari hatujihesabu kuwa waajiri, na kijana huja kazini na kaptura yake, jezi ya mpira wa miguu na malapa, tukaona ni sawa tu.

Dukani nilipokelewa kwa adabu. Muuzaji, kijana mchangamfu, alinisalimu shikamoo, akaikung'uta seti vumbi na kuiweka juu ya meza, akasema, “Mama, hii ndiyo kamili, huhitaji kuongeza kitu.” Nilimuuliza kama barakoa iliyomo inazuia mvuke wa dawa au vumbi tu. “Inazuia vyote, mama, hata korona haipiti.” Tulicheka, lakini jibu sikulipata, na kwa haki ni lazima niseme kwamba katika maduka mengine niliyopita kabla yake hakuna aliyelijua. Watu hawa huuza mbegu, mbolea, dawa za mifugo na mabomba kwa wakati mmoja, na mavazi ya kinga kwao ni bidhaa inayoning'inia ukutani nyuma ya mizani.

Kabla ya kufika kwenye kipande kimoja kimoja, kuna jambo linaloamua seti kama hii inafaa au haifai. Njia kuu ambayo sumu humwingilia anayetumia bomba la mgongoni si pua, ingawa ndiyo tunayoihofia zaidi kwa kuwa harufu tunaisikia. Njia kuu ni ngozi. Matone yanayotoka kwenye nozeli ya bomba la mkono ni makubwa, mengi huangukia majani, udongo na miguu ya mpulizaji mwenyewe, na machache tu huwa madogo kiasi cha kuvutwa hadi ndani kabisa ya mapafu. Tena ngozi ya mwili haifanani kila mahali: ya paji la uso na ya kichwani hupitisha dawa kwa urahisi kuliko ya mkono, na ya sehemu za siri za mwanamume hupitisha kuliko zote. Kwa hiyo swali la kuiuliza seti ni hili: dawa inapenya wapi, na hapo inapopenya pana ngozi ya namna gani?

Kwa kuwa dawa ikishakauka kwenye nguo haionekani, tuliipima seti kwa choya. Nilichemsha choya kali, nikaikoleza kwa rangi nyekundu ya chakula, nikaichuja na kuijaza kwenye bomba la lita 16 badala ya dawa. Kijana alivaa fulana nyeupe na suruali nyeupe kuukuu, akajifunga vitambaa vyeupe viganjani, kisha akavaa seti yote juu yake na kupulizia mistari ya nyanya kama anavyopulizia siku zote, kwa mwendo wake na haraka yake ileile. Nilimwomba asijichunge kwa ajili yangu, na hakujichunga. Alipovua, tuliitandaza ile fulana na suruali juu ya majani tukaanza kusoma madoa.

Kifua, mabega na mikono hadi karibu na kifundo vilikuwa vyeupe kabisa. Kitambaa cha koti ni cha plastiki nzito iliyowekewa nyuzi upande wa ndani, zipu yake imefunikwa na kipande chenye vifungo vya kubana, na kofia yake ina kamba inayofunga vizuri hadi kwenye kidevu. Kwa bei hiyo sikutarajia koti zuri hivyo. Ni kazi nzuri, na mtu akisema seti hii haina maana yoyote atakuwa ameionea.

Mgongoni mambo yalikuwa mengine. Palikuwa na doa kubwa kuliko kiganja, limeanzia chini kidogo ya mabega likateremka hadi kiunoni na kuingia kwenye mkanda wa suruali. Tulipoligeuza koti tuliona sababu: nyuma lina tundu refu la kupitishia hewa, lililofunikwa kwa kipande cha plastiki kinachoning'inia kama pazia. Kwa mtu anayetembea kwenye mvua tundu hilo ni jambo jema, lakini kwa mtu mwenye bomba mgongoni mikanda huligandamiza bomba juu ya pazia hilo, na kinachovuja kwenye kifuniko kinasukumwa ndani kila anapoinama. Inaonekana wazi kwamba hili ni koti la mvua lililopewa picha mpya.

Hata hivyo lawama yote isiliangukie koti. Choya ilifika mgongoni kwa sababu bomba lilikuwa linavuja, na lilikuwa linavuja kwa sababu washa ya mpira ya kifuniko ilishakauka na kupasuka, jambo ambalo katika mabomba yetu ya kuazimana ni la kawaida mno. Washa mpya ilipatikana kwa shilingi 1,000. Ukinilazimisha nichague kati ya bomba lisilovuja pasipo koti na koti pamoja na bomba linalovuja, nitachukua bomba lisilovuja bila kufikiri, kwa sababu kifuniko kibovu humlowesha mtu palepale kwa muda wote wa kazi, na fulana iliyolowa huishikiza dawa kwenye ngozi mpaka jioni. Kulipima ni rahisi: lijaze maji matupu, lifunge, lipampu, lilaze kwa ubavu, kisha pitisha karatasi kavu kwenye kifuniko, kwenye maungio ya mpira na kwenye mkono wa kufungulia.

Doa la pili lilikuwa kwenye mapaja, hasa upande wa ndani na mbele kidogo ya magoti. Suruali imetengenezwa kwa plastiki ileile ya koti, ila mishono yake haikuzibwa kwa utepe, na kila tundu la sindano ni njia ya maji. Mpulizaji wa nyanya zilizosimikiwa miti huelekeza nozeli mbele yake, kisha hutembea kuingia kwenye ukungu alioutoa mwenyewe na kujisugua kwenye majani aliyoyalowesha sekunde chache zilizopita. Tuliirudia kazi akipulizia upande wake wa chini ya upepo na kurudi kinyumenyume badala ya kusonga mbele, na mapaja yalitoka na vidoa vya kuhesabika. Alilalamika kwamba hivyo kazi inakwenda polepole, na analipwa kwa bomba. Ilibidi tukae tupatane upya malipo ya bomba moja, na hilo ni sehemu ya gharama ya kinga ambayo haikuandikwa juu ya mfuko.

Suruali vilevile ni lazima ivaliwe nje ya gambuti. Vijana wengi huichomeka ndani kwa sababu ndivyo inavyopendeza, na matokeo yake kila kinachotiririka pajani kinaishia ndani ya kiatu na kukaa humo na mguu. Gambuti zenyewe hazimo kwenye seti.

Sasa glavu, ambazo ndizo zinazonifanya niinyime seti hii alama za juu. Ni glavu za ujenzi: kiganja kimepakwa mpira wa rangi ya chungwa, lakini mgongo wa mkono na kifundo ni uzi uliofumwa. Kitambaa cheupe alichokuwa amejifunga kijana kilitoka chekundu chote, si kwa matone bali kwa kuloa. Glavu ya namna hii ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu mkono mtupu ukimwagikiwa mtu huuosha, lakini uzi uliolowa hukaa juu ya ngozi saa nzima, na kesho yake huvaliwa tena ukiwa umekauka na sumu yake ndani.

Ubaya wake hauonekani wakati wa kupulizia kama unavyoonekana wakati wa kuchanganya. Chukua mfano wa profenofosi, dawa ya wadudu ambayo wakulima wa nyanya huitumia sana. Kama kipimo kilichoandikwa ni mililita 30 kwa lita 20 za maji, basi tone moja linalodondokea kidoleni wakati wa kupima lina dawa zaidi ya mara mia sita ya tone linalotoka kwenye nozeli. Mtu anaweza kupulizia asubuhi nzima akiwa mkavu, akawa amekwisha kupata sumu yake katika dakika ile moja ya kufungua chupa, kumimina kwenye kifuniko, kifuniko kikafurika, akakisuuza kwa vidole ndani ya ndoo. Dawa za jamii hiyo ya oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachoituliza mishipa ya fahamu baada ya kupeleka ujumbe, ndiyo maana aliyezidiwa hutokwa na jasho na mate mengi, mboni za macho hunywea, misuli huchezacheza na kifua hubana. Lakini kabla ya kufika huko kuna kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu cha jioni, ambavyo huku kwetu huitwa uchovu wa kazi na kutibiwa kwa panadoli.

Seti inayodai ukamilifu ilipaswa kuanzia hapo, penye kuchanganya, na haina kitu chochote cha hapo: hakuna kikombe cha kupimia, hakuna aproni ya kifuani, na glavu ndizo hizo. Mpulizaji anahitaji glavu ndefu za mpira wa nitraili, nene, zinazofika karibu na kiwiko, zisizo na kitambaa ndani. Kabla ya kuzivaa unazijaza maji na kuziminya uone kama kuna tundu. Ukimaliza kazi unaziosha kwa sabuni zikiwa bado mkononi, ndipo unazivua. Glavu nyembamba za hospitalini, ambazo nimewaona wengine wakizitumia, huchanika upesi na hazikutengenezwa kwa ajili ya kemikali za shambani.

Barakoa nayo ina kisa chake. Ina vichujio viwili vya duara mashavuni, na kwa kuitazama unadhani ni ya maana. Katika mfumo wa alama unaotumika Ulaya, kichujio cha mvuke wa kemikali huwa na mshipi wa rangi ya kahawia na kile cha vumbi na matone huwa na mshipi mweupe. Mpulizaji anahitaji vyote viwili kwa pamoja. Vichujio vya seti hii havina mshipi wa rangi yoyote. Nilifungua kimoja, nikakuta duara la pamba jeupe na chini yake tundu tupu, bila ule mkaa unaonasa mvuke. Kwa hiyo ni barakoa ya vumbi iliyovishwa umbo la barakoa ya kemikali. Itasaidia wakati wa kupima dawa ya unga kama mankozebu, dawa ya magonjwa ya ukungu ya mimea, ambayo hutimka ukifungua pakiti. Kwa mvuke wa dawa ya maji haisaidii, na hatari yake ni kwamba humpa mtu ujasiri wa kusimama mahali ambapo asingesimama. Ukitaka kujua kama barakoa yoyote imekukaa vizuri, ziba vichujio kwa viganja kisha vuta pumzi: inapaswa kukunata usoni. Mwenye ndevu haitamnata hata iwe ya bei gani.

Na hata ingekuwa ya dhahabu, angalia kilichotokea katikati ya mstari wa tatu. Machicha ya choya yaliyopita kwenye chujio yaliziba nozeli. Kijana hakusita: alivua glavu kwa sababu zilimzuia kushika nati ndogo, akaifungua nozeli, akaishusha barakoa hadi shingoni, akaiweka nozeli mdomoni na kuipuliza. Aliponigeukia midomo yake ilikuwa myekundu hadi kwenye meno. “Mama, leo dawa ina ladha,” akasema akicheka, kisha akaona ninavyomtazama na kicheko kikakatika. Tangu hapo tumefunga mswaki mkuukuu kwa uzi kwenye mkanda wa bomba, maana nozeli husafishwa kwa mswaki laini au unyasi, kamwe si kwa mdomo wala kwa msumari unaopanua tundu. Hakuna maelezo yoyote ya jambo hili kwenye kikaratasi kilichomo ndani ya mfuko, ambacho kimejaa picha za jinsi ya kukunja koti.

Miwani ni ya kawaida, ina mpira wa kuzunguka kichwa na inaziba pembeni. Hujaa ukungu asubuhi za baridi. Itumike wakati wa kuchanganya hata kama itavuliwa baadaye.

Kuhusu joto, hukumu yangu inategemea mahali. Uyole na Inyala mwezi Juni au Julai, wakati watu wanapopiga dawa wakiwa na sweta ndani, koti hili ni faraja na kijana hakutaka kulivua. Tulipolipeleka kwa ndugu yangu anayelima vitunguu Igurusi, huko bondeni Usangu ambako jua ni kali, halikuvumilika zaidi ya mabomba mawili. Mvaaji alilowa jasho kama aliyemwagiwa maji, akafungua zipu, akakunja mikono, na kuanzia hapo hakuna tena kinga ya kuzungumzia. Huko ovaroli ya pamba nzito yenye mikono mirefu, aproni ya plastiki mbele na kipande cha plastiki mgongoni chini ya bomba vitavaliwa mpaka mwisho wa kazi, na vazi linalovaliwa hadi mwisho linashinda lile bora linalovuliwa njiani. Kupulizia alfajiri au jioni kunasaidia kwa joto na kwa upepo pia.

Kanuni za kimataifa za usimamizi wa viuatilifu, zinazosimamiwa na FAO pamoja na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, zinasema jambo ambalo ningependa liandikwe kwenye milango ya maduka yetu: dawa inayohitaji vazi la kinga linalotesa, la bei kubwa au lisilopatikana kirahisi iepukwe, hasa kwa wakulima wadogo na vibarua wa nchi za joto. Maana yake ni kwamba seti ya shilingi 55,000 haikupi ruhusa ya kununua dawa kali zaidi. Wapo wanaofikiri hivyo, jirani yangu, mzee ninayemheshimu, aliponiona nayo aliniambia, “Sasa na wewe unaweza kutumia ile ya kuua mara moja.” Nilimjibu, “Hapana mzee, nataka nitumie ya chini kuliko niliyokuwa natumia.” Mitego ya harufu ya kunasia nondo dume wa kantangaze, kung'oa na kufukia matunda yaliyotobolewa, na kupanda kwa nafasi ili majani yakauke upesi baada ya mvua, vimenipunguzia mabomba kuliko nilivyotegemea, na bomba lisilopulizwa halihitaji koti.

Ili kujua ni kipande gani cha seti kinahitajika kwa dawa gani, isomwe chupa. Kwenye ukingo wa chini wa kibandiko kuna mshipi wa rangi: nyekundu ni hatari kubwa, njano ni ya kati, bluu ni ndogo, kijani ni chini ya hapo. Profenofosi na klopirifosi, dawa nyingine ya wadudu, ziko kwenye njano. Kando ya rangi kuna picha ndogo za glavu, barakoa, miwani na gambuti. Za upande wa kushoto zinamhusu anayeshika dawa ambayo haijachanganywa, za kulia zinamhusu anayepulizia. Tahadhari ni kwamba rangi hiyo inazungumzia sumu ya papo kwa papo tu. Mankozebu, ambayo huku hutumika kama chumvi, haimo kwenye rangi za kutisha, na bado Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea idhini mwishoni mwa mwaka 2020 kwa sababu za afya na mazingira, na klopirifosi iliingizwa mwaka 2025 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali sumu zinazodumu muda mrefu. Ukinunua dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na kibandiko wala namba ya usajili ya TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, huna rangi, huna picha, huna siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na ukizidiwa daktari hana cha kusoma.

Hapo ndipo ningependa kile kikaratasi kingesema kitu. Kijana wangu, kama wengine wengi, huamini kwamba nusu lita ya maziwa baada ya kazi husafisha sumu. Maziwa hayaiondoi dawa iliyokwisha kupita kwenye ngozi. Kinachofaa ni kuvua nguo zote, kuoga kwa sabuni na maji mengi, na dalili zikiwepo kwenda hospitali na chupa au kibandiko chake mkononi, maana kwa sumu za oganofosfeti kuna tiba ya atropini, ila daktari lazima ajue anachotibu. Yeye huogea kwangu sasa kabla ya kuondoka, na nguo zake za ndani huachwa kwenye ndoo yake, hazichanganywi na za watoto. Hili linawahusu zaidi kina mama, ambao hawashiki bomba lakini ndio wanaofua, na ndio wanaoingia kuchuma nyanya kabla majani hayajakauka.

Usafishaji wa seti yenyewe ni rahisi. Koti na suruali huoshwa kwa sabuni na maji ya ndoo, mbali na mfereji, maji yakamwagwa ndani ya shamba lilelile, kisha huanikwa kivulini. Juani plastiki hukakamaa, na tayari kola ya koti langu imeanza mpasuko mdogo. Zisitundikwe jikoni wala chumbani. Saizi ni moja tu, ya mwanamume mrefu, na mimi nilipolijaribu koti mikono yake ilipita vidole vyangu, kwa hiyo mwanamke anayejipulizia mwenyewe atalazimika kumpelekea fundi cherehani, naye ataongeza matundu ya sindano.

Hivyo ndivyo seti yetu ilivyo sasa: koti lililozibwa tundu la mgongoni kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli na gundi ya fundi baiskeli, suruali iliyopakwa gundi hiyohiyo kwenye mishono ya ndani, miwani, kikombe cha kupimia kilichoandikwa kwa rangi kwamba ni cha dawa tu, na glavu za nitraili nilizozipata kwa shilingi 12,000, si kwenye duka la pembejeo bali kwenye duka la vifaa vya usalama linalowahudumia wachimbaji wa dhahabu wa Chunya. Glavu za chungwa hutumika kubebea mbolea ya samadi. Barakoa ipo kwa ajili ya unga wa mankozebu, na vichujio halisi vyenye mshipi wa kahawia na mweupe bado sijaviona Mbeya kwa bei ambayo mkulima wa nusu ekari ataimudu.

Kwa anayepulizia kwenye nyanda za baridi, koti na suruali vinastahili fedha yake. Duka nililonunua lilikataa kufungua mfuko na kuuza vipande. Duka la pili, hatua chache mbele kwenye mtaa uleule, lilikubali kuuza koti na suruali peke yake kwa shilingi 35,000.